Breki Zilikuwa Nzima

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025. Asubuhi hiyo Kimulot iliamka ndani ya ukungu mzito uliotoka msitu wa Mau ukalalia mashamba ya chai hadi saa tatu. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini kila jani lilikuwa bado linadondosha maji, na barabara ya udongo mwekundu iliteleza kama sabuni.

Phelis alikuwa macho tangu saa kumi na moja. Alipiga magoti kando ya kitanda akaomba mpaka magoti yakamuuma, kisha akaendelea kuomba. Hakuomba mengi. Aliomba afike Chebunyo kabla ya jua kuzama, na afike akiwa na akili zake.

Kule Chebunyo ndiko alikoolewa binti yake, Nelvine, na Nelvine alikuwa na mtoto wa kike wa miezi miwili ambaye nyanya yake hajawahi kumshika. Kesho, Jumapili, mtoto angewekwa wakfu kanisani. Mama mkwe wa Nelvine alikuwa ameshaanza kuuliza, kwa ile sauti ya chini inayosikika nyumba nzima, kama watu wa Kimulot wamemkataa mtoto kwa kuwa ni msichana. Nelvine alilia kwenye simu. "Mama, njoo hata kama ni kwa punda. Nimemwambia mtoto kogo, nyanya yake, anakuja. Usinifanye niwe mwongo."

Kutoka Kimulot hadi Chebunyo ni zaidi ya saa mbili kwa gari. Na tangu Machi ya mwaka jana, Phelis hakuwa amesafiri kwa gari hata kufika Litein.

Machi hiyo, Mzee Johana, mzee wa kanisa na mwenye chai nyingi kuliko wote pale kijijini, alichelewa kufikisha majani yake kwenye kituo cha kupimia. Lori la kiwanda likaondoka. Mkulima yeyote wa huku anajua maana yake: majani yakilala kwenye gunia yanapata joto, yanageuka rangi kama mboga iliyopikwa, na hakuna karani atakayeyagusa. Basi Johana akapakia magunia kwenye gari lake, mengine kwenye buti na mengine juu ya kiti cha nyuma, ili alikimbilie lori. Njiani akawapa watu wawili lifti. Mmoja alikuwa Phelis, aliyebanwa kiti cha nyuma na magunia mawili. Wa pili alikuwa Obonyo, fundi wa mitambo pale kiwandani Mogogosiek, aliyekaa mbele.

"Mzee, punguza," Phelis alisema kabla ya kona ya kwanza.

"Mama Nelvine, hii barabara naijua kama shamba langu."

Alisema mara ya pili. Alisema mara ya tatu. Johana alikuwa ameshika simu sikioni, anamwambia mtu fulani, "Nishikie hilo lori, niko hapo!" Ndipo gari likaacha barabara kabla ya daraja, likapinduka mara mbili ndani ya chai ya watu.

Johana alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Obonyo alivunjika mguu mahali pawili, na mpaka leo anatembea na fimbo. Phelis alikaa nusu saa kichwa chini, gunia limemfunika uso, akivuta harufu ya majani mabichi badala ya hewa.

Sasa sikiliza walichofanya watu wa Mungu. Jumapili ya pili yake kanisa lilifanya shukrani, na pasta akahubiri kwamba ajali ile ni kazi ya shetani. Johana alisimama mbele na plasta yake kwenye paji la uso, akasema shetani alishika breki, zikakataa. Watu wakasema amina. Waliimba, wakacheza, wakamkumbatia Johana kama mtu aliyerudi vitani. Phelis alikuwa kitandani na ubavu uliopasuka, akiletewa habari na majirani. Hakuna aliyemuuliza yeye aliona nini.

Ubavu ulipona. Kilichobaki ni kingine. Kila alipoingia ndani ya gari, mlango ukifungwa tu, moyo ulianza kupiga mbio kama unataka kutoka. Vidole vilikufa ganzi. Na ile harufu ya majani mabichi, ambayo shambani aliivuta kila siku bila shida yoyote, ilikuja kutoka asikojua ikamjaa puani, hata kama gari lilibeba viazi. Mara mbili aliruka nje gari likiwa linaanza kutembea. Mara ya tatu alipiga kelele mbele ya watu kwenye stendi, akaona watoto wa shule wanacheka.

Kanisani wakasema ana pepo la woga. Walimwombea mara tatu, na mara ya tatu mama mmoja alimkandamiza kichwa mpaka shingo ikauma wiki nzima. Phelis hakukataa maombi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa magoti. Lakini alijiuliza, Bwana nisamehe, kwa nini pepo linatafutwa ndani yangu, na mwenye usukani haombewi?

Aliyemsaidia ni mke wa Obonyo, Sista Ayoo, muuguzi wa zahanati ya Mogogosiek. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kushika simu wala kuangalia saa.

"Mama Nelvine, hii si pepo," akasema. "Ni kengele. Mwili wako ulinusurika kifo, ukaweka kengele ndani ya gari. Sasa inalia hata kama mwizi hayuko."

"Basi niing'oe vipi?"

"Hatuing'oi. Utaihitaji. Tunaifundisha tu ilie wakati gani."

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na gari kuukuu la Obonyo lisilo na magurudumu, limekaa juu ya mawe, na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Ndilo lililokuwa darasa. Kila Jumatano Phelis alitembea kwa miguu saa mbili kutoka Kimulot, akaketi ndani ya lile gari la kuku. Siku ya kwanza alikaa dakika moja, mlango wazi. Ayoo alimfundisha kuvuta pumzi akihesabu nne, na kuitoa polepole akihesabu sita. Phelis aliona namba hazimshiki, akaweka maneno yake. Akivuta: *Bwana*. Akitoa: *niko mkononi mwako*. Kengele ililia, ikalia, ikachoka. Wiki ya tano alifunga mlango. Wiki ya nane alimaliza wimbo mzima, kuku wakimwangalia.

"Leo umekaa kama mwenye gari," Obonyo alimtania. "Karibu utaanza kutaga."

Baadaye kaka yake Ayoo, Ooko, alileta gari lake linalotembea. Sheria ilikuwa moja. Phelis akisema simama, Ooko anasimama. Hakuna swali, hakuna kicheko, hata kama ni katikati ya daraja. Siku ya kwanza, kutoka lango la kiwanda mpaka njia panda, Phelis alisema simama mara kumi na moja, na Ooko alisimama mara kumi na moja. Kufikia mwanzo wa Mei alisema mara moja tu, tena kwa sababu ya ng'ombe.

Ooko ndiye aliyekuwa ampeleke Chebunyo leo. Walikuwa wamepanga mwezi mzima.

Jana jioni mume wake, Chepyegon, alirudi kutoka dukani akiwa na furaha. "Mama Nelvine, mambo yako yamenyooka. Mzee Johana amenunua gari, kesho pasta anakuja kwake kuliombea. Wakimaliza anakupeleka Chebunyo mwenyewe, bure. Yule jamaa wa Mogogosiek nimeshampigia nikamwambia asijisumbue."

Phelis aliweka sufuria chini. "Umempigia Ooko?"

"Amesema basi atabeba watu wa Kisumu. Lakini si unaona, kuna gari la mtu wetu!"

"Baba Nelvine. Uliniuliza?"

"Nikuulize nini? Si ulitaka gari?"

Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa ameomba mpaka magoti yakamuuma.

Nyumbani kwa Johana kulikuwa na hema, chai ya maziwa kwenye birika kubwa, na akina mama wa kanisa katika vitambaa vyeupe. Gari la kijivu lilisimama katikati ya uwanja, limefungwa maua ya zambarau kwenye boneti kama bibi harusi. Phelis alifika na mkoba wa nguo na sotet, kibuyu kirefu cha mursik, maziwa ya mgando aliyoyatunza siku kumi kwa ajili ya Nelvine, kwa maana mzazi anahitaji nguvu. Ayoo na Obonyo walikuwa wamekuja pia, Phelis aliwapigia simu usiku, na Ayoo alisema tu, "Tutakuwa hapo."

Pasta Noah alipaka mafuta kwenye milango na usukani. Akaomba vizuri, Phelis alisema amina kwa moyo wote, maana gari halina kosa. Kisha Johana akapewa nafasi.

"Mnakumbuka mwaka jana," akasema, na sauti yake ikapanda kama kawaida. "Shetani alishika breki zangu. Nikakanyaga, hakuna! Lakini Mungu akasema, Johana, bado nina kazi na wewe!"

"Amina!"

"Na leo, mama yetu huyu aliyefungwa na pepo la woga, atakuwa abiria wa kwanza. Shetani aaibike!"

Vigelegele. Mikono ilikuwa tayari begani mwa Phelis, inamsukuma kwa upendo, ule upendo usiouliza. Alifikiri haraka. Gari limesimama. Kukaa ndani ya gari lililosimama, mlango wazi, hilo aliliweza; alilifanya na kuku mashahidi. Akaketi mbele, sotet mapajani. *Bwana. Niko mkononi mwako.*

Mtu akafunga mlango. Johana akaingia upande wa pili akawasha.

"Mzee, hapana. Nitakaa tu."

"Mzungushe, Mzee!" mtu alipaza sauti. "Mzungushe pepo litoke!"

Gari likatembea. Uwanja wa Johana ni mpana, wenye mteremko kuelekea kwenye chai, na nyasi zilizolowa mvua ziliteleza. Phelis akasema, "Simama."

Johana alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Tulia, Mama. Uko na mimi."

"Simama."

Alikata kona chini ya uwanja. Harufu ikaja. Majani mabichi, yaliyopondwa, yakamjaa puani, vidole vikafa ganzi. Nyimbo zilikuwa mbali kama zinatoka chini ya gunia. Kifuniko cha sotet kiliruka na maziwa yakamwagika mapajani, yakashuka kwenye kiti.

"Simama!"

Raundi ya pili. Watu walipiga makofi. Ndipo Obonyo, na mguu wake mbovu, akatoka kwenye hema akaingia uwanjani, akasimama mbele ya gari, fimbo mkononi, kama mti. Johana akakanyaga breki. Gari likasimama papo hapo, hatua mbili kutoka kwa magoti yake.

Nyimbo zikakatika. Ayoo alikuwa ameshafungua mlango. Hakumvuta Phelis. Alichuchumaa tu pembeni akasema, "Toa pumzi kwanza. Sita. Haya." Phelis akatoa. *Niko mkononi mwako.* Akatoa tena. Alihisi maziwa baridi kwenye gauni, kisha nyasi chini ya viatu vyake, kisha akasikia neno la kwanza la Johana.

"Kiti changu! Hebu angalia kiti, na gari halijamaliza hata siku!"

Kuna hasira inayokuja kama moto wa karatasi, ikaisha. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa na miezi kumi na minne. Phelis alisimama wima, gauni limelowa, kibuyu mkononi, na sauti iliyotoka ilikuwa tulivu kuliko alivyotegemea.

"Nimesema simama mara tatu," akasema. "Mwaka jana pia nilisema mara tatu. Mzee Johana, waambie hawa. Breki zilikuwa na nini?"

"Mama Nelvine, si mahali pake. Leo ni siku ya shukrani."

"Ni mahali pake hasa. Mnaleta mafuta, mnaleta maua, mnataka Mungu alinde gari. Mungu alilinde na nani? Siku ile alikuwa na simu sikioni! Analilia lori limngoje, kwa sababu ya majani kulala! Mimi nikavunjika ubavu, huyu akavunjika mguu, na majani yenyewe yakalala tu, hayakufika. Halafu mkaenda kanisani mkamshukuru Mungu kwa kumpiga shetani. Shetani gani? Shetani alijua namba ya simu ya karani?"

Mtu alicheka kwa nyuma, akajizuia.

"Ni woga unaongea," mama mmoja alinong'ona.

"Ndiyo, naogopa," Phelis akamgeukia. "Naogopa mtu asiyesimama akiambiwa asimame. Huo ni woga au ni akili? Nimetembea kwa miguu kwenda Mogogosiek kila Jumatano tangu mwaka jana, nikakaa kwenye gari bovu na kuku, ili nijifunze kupanda tena. Ninyi mkasema sina imani. Kutembea saa mbili kwenye mvua kwenda kukaa na kuku ni nini kama si imani?"

Johana alikuwa ametoka kwenye gari. Uso ulikuwa umemwiva. "Breki zilikataa," akasema. "Kila mtu anajua."

"Mzee." Ilikuwa sauti ya Obonyo. Aliongea kwa heshima, kama anavyoongea siku zote na watu wa huku, maana yeye ni mgeni aliyekuja kwa kazi, na mgeni hujifunza kunyamaza. "Mimi ni fundi. Lile gari lilipovutwa mpaka kiwandani, nililiangalia kwa mikono yangu. Breki zilikuwa nzima. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mzee wa kanisa na mimi ni mtu wa kuja. Hilo nalo ni kosa langu, na nimelibeba pamoja na huu mguu." Akagonga boneti kidogo na fimbo. "Hata hizi ni nzima. Si umeona zimeshika?"

Hakuna aliyesema amina.

Pasta Noah alikuwa bado na kichupa cha mafuta. Alikifunga polepole. "Mimi ndiye niliyesema ni shetani, pale madhabahuni," akasema. "Nilisema kabla ya kuuliza. Mama Nelvine, nisamehe. Mzee, tunakusikiliza."

Chepyegon, mume wa Phelis, aliangalia viatu vyake. Kisha akaja akasimama kando ya mke wake, akachukua kile kibuyu kilicholowa akakishika kwa mikono miwili. "Sikupaswa kuivunja safari yako bila kukuuliza," akasema kwa sauti ya chini.

"Hukupaswa," Phelis akasema. "Tutaongea nikirudi."

Johana alisimama peke yake kando ya maua yake ya zambarau. Mtu mkubwa akikosa watu wa kumshangilia huonekana mdogo ghafla. Mwishowe akasema, karibu hakusikika, "Nilikuwa na simu."

"Sema tena, Mzee," akasema pasta.

"Nilikuwa na simu! Nilikuwa na simu, sikuangalia barabara. Nilipotoka pale nikaona damu ya Obonyo, nikaogopa. Mkasema shetani, nikaona ni rahisi."

Ukungu ulikuwa umeondoka kabisa, na jua la saa nne lilimulika chai mpaka chini bondeni. Phelis aliangalia barabara. Ooko alikuwa njiani kwenda Kisumu. Chebunyo ilikuwa mbali kama jana. Mtoto alikuwa anamngoja, na mama mkwe wa Nelvine alikuwa anahesabu masaa.

Hakutaka kupanda gari la mtu huyu. Lakini alitaka kumshika mtoto. Na alitaka, zaidi ya alivyojua mpaka dakika hiyo, gari lile lisimame kwa neno lake yeye, si kwa Obonyo.

"Nitaenda na wewe," akasema. Akina mama wakashtuka. "Sista Ayoo atakaa nyuma yangu. Dirisha langu litakuwa wazi, mvua inyeshe isinyeshe. Na simu yako atakuwa nayo Ayoo."

"Ipo hapa," Johana akasema, akaitoa mfukoni haraka, kama inamchoma.

"Bado. Baba Nelvine, ongeza maziwa juu ya mursik iliyobaki, sotet ijae tena mpaka juu, usifunike. Nitaishika mapajani hivyo hivyo, wazi. Ikimwagika tone moja, umekimbia."

Obonyo akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hiyo sasa ndiyo spidigavana, kidhibiti mwendo cha maziwa."

Watu wakacheka, hata Johana nusu, lakini Phelis hakucheka. "Na kabla hatujaingia, utaahidi. Ooko alinisimamia mara kumi na moja siku moja, na hakucheka. Usiniambie mimi, mimi nilishasikia mengi ndani ya gari. Waambie hao."

Johana aliweka mkono juu ya boneti, juu ya mafuta ya pasta, akaanza kunung'unika kitu.

"Wa jikoni hawajasikia," Phelis akasema.

Wale waliokuwa jikoni wakatoka, mmoja na mwiko mkononi. Johana akavua kofia. Aliwaangalia wote, Obonyo wa mwisho, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye chai:

"Mimi, Johana, mbele za Mungu na mbele yenu: sitaendesha nikiwa na simu mkononi tena, hata kama majani yangu yote yalale. Na leo, kutoka hapa hadi Chebunyo, Mama Nelvine akisema simama, nitasimama. Akisema mara kumi na moja, mara kumi na moja. Akisema mara mia, nitasimama mara mia, na sitacheka hata mara moja."